Georges Vézina: kipa aliyedaka miaka kumi na mitano bila kukosa mechi

Swali: Ninaishi Montreal, mzaliwa wa Bukavu. Mwanangu wa miaka tisa amewekwa golini kwenye timu ya watoto ya hoki ya barafuni. Kocha wao amewasimulia habari za Georges Vézina, yule ambaye tuzo ya kipa bora imepewa jina lake: kwamba hakuvaa viatu vya kuteleza mpaka alipokuwa mkubwa, kwamba alikuwa na watoto ishirini na wawili, na kwamba alianguka golini akafa. Mtoto anakuja kuniuliza mimi, na mimi nimekulia kwenye soka. Yapi ni ya kweli? Na makipa wa zamani hizo walikuwa wanadakaje?

Jibu: Dada yangu, kati ya hayo matatu moja ni kweli, moja ni uongo mtupu, na la tatu ni nusu kwa nusu. La viatu ni kweli. La watoto ni uongo, tena uongo wenye mwenyewe anayejulikana. La kufa golini ndilo la nusu: golini alianguka, lakini hakufia pale. Ila ningekuwa mimi ndiye kocha, hayo yote ningeyaweka mwisho, maana jambo kubwa la Vézina halimo humo.

Nianze na viatu. Vézina alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 huko Chicoutimi, mji wa Quebec ulio kando ya mto Saguenay, kaskazini mwa jiji la Quebec. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na Georges alikuwa kitinda mimba katika watoto wanane. Akiwa na miaka 14 aliacha shule akaenda kumsaidia mzee kwenye tanuri. Hoki aliicheza mitaani na wenzake, akiwa na viatu vyake vya kawaida, na ni mpaka alipofika kama miaka 16 ndipo alipoanza kuvaa viatu vya kuteleza. Kwa mchezaji wa ndani huo ungekuwa mwisho wa habari. Kwa kipa wa enzi hizo haikuwa hivyo, na mwanao ataelewa kwa nini tukifika kwenye sheria.

Klabu ya Canadiens ya kwenu Montreal ilianzishwa Desemba 1909, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa timu ya Wafaransa wa Quebec, ili wawe na yao ya kushangilia mbele ya timu za Waingereza. Februari 1910 walikwenda Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki na timu ya mji. Kijana wa mwoka mikate akawatoa jasho. Aliyekuwa golini upande wa Canadiens siku hiyo ni Joseph Cattarinich, na ndiye aliyewaambia wakubwa wake wamchukue yule kijana. Fikiria hilo kwa jicho la soka: kipa namba moja anaipendekezea klabu yake mtu wa kumnyang'anya nafasi. Vézina mwanzoni alikataa, akabaki kwao. Desemba ya mwaka huo akakubali, kwa mshahara wa dola 800 kwa msimu.

Hizo dola 800 zina maana yake. Msimu mmoja nyuma, wamiliki walikuwa wamegombania wachezaji kama watu wanaogombania kiwanja: timu ya mji mdogo wa Renfrew ilimlipa Cyclone Taylor, nyota wa enzi hizo, dola 5,250 kwa msimu wa mechi chache tu. Wamiliki wakashtuka. Msimu alioingia Vézina, ligi ya NHA, mama wa NHL, ligi kuu ya hoki ya leo, iliweka ukomo wa dola 5,000 kwa mishahara ya timu nzima. Yaani timu yote ilipwe chini ya alicholipwa Taylor peke yake mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Vézina aliingia kwenye hoki ya kulipwa wakati hela zimebanwa, na kazi yake nyingine hakuiacha. Msimu wa hoki ukiisha alirudi Chicoutimi, ambako alikuwa na kiwanda cha kutengenezea ngozi.

Alidaka mara ya kwanza tarehe 31 Desemba 1910, dhidi ya Ottawa. Msimu huo timu ilikuwa ya kawaida tu, ilishinda mechi nane na kupoteza nane, lakini golini hakuna aliyefungwa kwa wastani mdogo kuliko wake. Msimu uliofuata hivyo hivyo: timu inayumba, kipa anaongoza ligi.

Sasa nije kwenye swali lako la namna walivyokuwa wanadaka, maana hapa ndipo pana utamu.

Mwambie mwanao asimame wima mbele ya lango, kisha umwambie haruhusiwi kupiga magoti, kulala, wala kukaa. Akijiangusha makusudi kuzuia, mwamuzi anamwadhibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Paki, kile kisahani cheusi cha raba kinachochezewa badala ya mpira, ikija chini kabisa kwenye barafu, kipa hana ruhusa ya kuangusha mguu juu yake kama wanavyofanya leo. Ana gongo, ile fimbo ya kuchezea, ana viatu, ana miguu iliyofungwa pedi, basi. Kosa likitokea anatoka mwenyewe kutumikia adhabu, na mwenzake mmoja anaingia golini bila pedi, na gongo lake la kawaida.

Pedi zenyewe zilitokana na za kriketi. Kipa wa Winnipeg, George Merritt, alizivaa mwaka 1896 kwenye mechi ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki, watu wakashangaa, kisha wote wakaiga. Zilikuwa nyembamba, za kuzunguka ugoko, na kadiri zilivyonenepeshwa kwa ngozi na manyoya ndivyo zilivyonyonya maji na kuwa nzito mechi ikiendelea. Pedi pana zilizojazwa vizuri zilienea miaka ya 1920, nyingi zikitoka mikononi mwa fundi mmoja wa Hamilton, Emil Kenesky, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kushona vifaa vya farasi. Makipa walinogewa na upana huo kiasi kwamba msimu wa 1925–26 ligi ililazimika kuweka kikomo: inchi 12. Glavu ya kudakia yenye mfuko, kama ya besiboli, ilikuja miaka ya 1940. Barakoa ya kwanza katika NHL aliivaa Clint Benedict mwaka 1930, tena baada ya paki kumvunja uso, naye aliitumia kwa muda mfupi tu. Ilibidi isubiriwe Novemba 1959, Jacques Plante wa Canadiens alipoivaa na kukataa kuivua. Vézina alidaka maisha yake yote uso ukiwa wazi.

Pasi pia. Mwanao amezoea kuona paki ikirushwa mbele kwa mwenzake. Katika ligi hii pasi ya mbele haikuruhusiwa mpaka msimu wa 1918–19, na hata hapo iliruhusiwa katikati ya uwanja tu. Mtu alichukua paki mwenyewe, akapiga chenga, akatoa pasi za pembeni na nyuma, akamfikia kipa karibu. Kipa aliweza kumsoma anakuja tangu mbali, lakini mwisho wa yote walikuwa wawili uso kwa uso, na shuti likipigwa kwa karibu.

Hapo ndipo viatu vya utotoni vinaporudi. Kipa asiyeruhusiwa kuanguka hahitaji sana kuteleza huku na huku; anahitaji kusimama mahali panapofaa kabla shuti halijapigwa, na kutumia gongo. Vézina alisifiwa hasa kwa gongo lake na kwa utulivu. Waandishi walimbandika jina la Tango la Chicoutimi kwa jinsi alivyokuwa baridi golini, hata watu wamejazana mbele yake. Kwa maoni yangu, ule utoto wa kudaka akiwa na viatu vya kawaida ulimjenga kuliko ulivyomchelewesha. Mtu asiyeweza kukimbilia paki hujifunza kuingoja mahali pake.

Sheria ya kutoanguka iliondolewa Januari 1918, msimu wa kwanza kabisa wa NHL. Aliyesababisha ni yule yule Benedict, wakati huo akiwa Ottawa, ambaye alikuwa anajikwaa kwa hila kila paki ikimkaribia, halafu anabaki amepiga magoti. Mashabiki wa wapinzani wakawa wanamtania kuwa anasali. Waamuzi walichoka kubishana kama ameteleza au amejilaza, ligi ikaona bora waruhusiwe wote. Vézina alikuwa na miaka 30 na ushei. Ruhusa alikuwa nayo, lakini aliendelea kusimama vile vile, na bado akawa anafungwa mabao machache kuliko wenzake. Tarehe 18 Februari 1918 Canadiens waliifunga Toronto 9–0, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza katika historia ya NHL kipa kumaliza bila kuruhusu bao.

Angalia wastani wake. Msimu huo wa kwanza wa NHL aliongoza ligi akiwa anafungwa karibu mabao manne kwa mechi. Ndiyo, manne, na alikuwa bora. Msimu wa 1923–24 alishuka chini ya mabao mawili, 1.97, na wa 1924–25 akashuka tena, 1.81, akiwa na miaka 38. Sehemu ya hilo ni mabeki, maana mbele yake walikuwa watu wakorofi kama Sprague Cleghorn, ambao mshambuliaji aliwaza mara mbili kabla ya kuwapita. Lakini kipa wa miaka 38 anayeboreka ni kitu adimu.

Makombe ya Stanley alichukua mawili. La kwanza ni la 1916, Canadiens walipowafunga Portland Rosebuds mechi tatu kwa mbili. Usiku wa mechi ya mwisho mkewe, Stella, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Marcel Stanley kwa heshima ya kombe. Bonasi ya ubingwa ilikuwa dola 238 kwa kila mchezaji. La pili ni la 1924. Katikati palikuwa na fainali ya 1919 kule Seattle, ambayo haikupata mshindi: timu zikiwa zimelingana baada ya mechi tano, homa ya mafua iliyokuwa inaua watu dunia nzima ikawaangusha wachezaji wa Canadiens, mechi ya sita ikafutwa, na beki Joe Hall akafariki hospitalini tarehe 5 Aprili. George Kennedy, mwenye timu, naye aliugua, afya yake haikurudi, na alikufa mwaka 1921. Timu ikauzwa kwa dola 11,000 kwa watu watatu: Léo Dandurand, Louis Létourneau na, usishangae, Joseph Cattarinich. Yule kipa aliyempisha Vézina golini akarudi akiwa bosi wake.

Na hapa ndipo tunapompata mwenye uongo wa watoto ishirini na wawili. Ni Dandurand. Alikuwa mfanyabiashara na mtu wa maneno, anajua waandishi wa habari wanapenda nini, na Vézina alikuwa mtu mkimya asiyejisemea. Dandurand akawaambia wanahabari kwamba kipa wake ana watoto 22 na kwamba hajui hata neno la Kiingereza. Ikachapishwa, ikanakiliwa, ikafika mpaka kwa kocha wa mwanao. Ukweli ni kwamba Georges na Stella walioana Juni 1908, na watoto waliokua ni wawili, Jean-Jules na Marcel Stanley. Na Kiingereza alikijua kiasi. Mimi hadithi hii inanikera kidogo, kusema kweli. Ilimgeuza mtu makini kuwa kichekesho cha Mfaransa wa kijijini mwenye kundi la watoto, na wasomaji wa Kiingereza waliinunua kwa sababu ndivyo walivyokuwa tayari kuwaona watu wa Quebec.

Sasa kifo chake. Aliporudi kambini kujiandaa na msimu wa 1925–26 alikuwa amekonda, na hakumwambia mtu. Mechi ya tarehe 28 Novemba 1925, Montreal dhidi ya timu mpya ya Pittsburgh, alianza golini akiwa na homa ya karibu nyuzi 39. Alimaliza kipindi cha kwanza bila kufungwa. Mapumzikoni alitapika damu. Akarudi, akajipanga langoni kipindi cha pili kilipoanza, na hazikupita dakika nyingi akaanguka kwenye barafu. Walimtoa, akaingia Alphonse Lacroix, kipa wa Marekani kwenye Olimpiki ya 1924.

Madaktari walikuta kifua kikuu, tena kimeshafika mbali. Mwaka ule hakukuwa na dawa ya kukitibu. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale, avute hewa safi. Siku chache baadaye Vézina alipita kwenye chumba cha wachezaji kuaga. Dandurand alisimulia kwamba alikaa kwenye kona yake akitokwa na machozi mbele ya pedi zake zilizopangwa pale, akaomba kitu kimoja: jezi aliyovaa kwenye fainali iliyopita. Msimuliaji ni yule yule wa watoto 22, kwa hiyo machozi nayapokea kwa tahadhari. Jezi naiamini. Alirudi Chicoutimi na kufia hospitalini huko tarehe 27 Machi 1926, miaka 39. Kwa hiyo kati ya kuanguka na kufa ipo miezi minne. Kocha asahihishe hapo.

Canadiens, waliofika fainali msimu uliotangulia, walimaliza msimu huo wakiwa wa mwisho katika ligi ya timu saba. Hiyo kwangu inaeleza thamani ya kipa kuliko sifa zozote.

Na lile nililosema lingetangulia ni hili: tangu ile tarehe 31 Desemba 1910 mpaka usiku alipoanguka, Vézina hakukosa mechi hata moja. Mechi 328 za ligi mfululizo, na 39 za mtoano na fainali juu yake. Bila barakoa, miguu ikiwa na pedi nyembamba, katika mchezo ambao vidole kuvunjika na uso kushonwa vilikuwa mambo ya kila wiki, na timu kwa kawaida ikisafiri na kipa mmoja. Alianza NHA ikiwa na wachezaji saba kila upande. Msimu wake wa pili wakapunguzwa kuwa sita. Alikuta kuanguka ni kosa, akaacha ni ruhusa. Alikuta pasi ya mbele imekatazwa, akaona ikiingia. Uwanja waliokuwa wanachezea uliteketea kwa moto Januari 1918, vifaa vyote vikaungua, wapinzani wao wa mji huo huo, Wanderers, wakavunjika kabisa, na Canadiens wakahamia uwanja mdogo wa Jubilee. Golini aliendelea kuonekana yule yule.

Tuzo yake ilitolewa na wale mabosi watatu, kuanzia msimu wa 1926–27. Mwanzoni haikuwa ya kura: aliipata kipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. George Hainsworth, aliyerithi lango la Vézina, aliichukua misimu mitatu ya kwanza, na katika huo wa tatu, 1928–29, alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa. Mabao yalikauka kiasi kwamba ligi ikaachia pasi ya mbele katika sehemu zote za uwanja, si katikati tu, ili watu wafunge. Tangu msimu wa 1981–82 tuzo hutolewa kwa kura za mameneja wakuu wa timu, na ile hesabu ya mabao machache ikahamishiwa tuzo ya Jennings.

Mwanao asimuige kwa kusimama wima, lakini. Kocha atamfundisha kupiga magoti huku miguu ikipanuka chini kufunga sehemu ya chini ya lango, na yuko sahihi. Mashuti ya leo ni ya kasi nyingine, na pedi zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Anachoweza kuiba kwa Vézina ni gongo: libaki chini kwenye barafu, mbele ya miguu, hata akiwa amechoka. Na mkipata nafasi msimu wa hoki, kutoka Montreal ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari mpaka Chicoutimi, ambayo siku hizi ni sehemu ya jiji la Saguenay. Uwanja wa barafu wa pale unaitwa Centre Georges-Vézina, na timu ya vijana ya Saguenéens ndiyo inayochezea hapo. Mtafutie kiti nyuma ya goli.